Kujilipa Posho: Mwongozo wa Hela kwa Anayepata kwa Siku

Mwajiriwa ana tarehe yake. Hata kama mshahara ni mdogo, anajua unaingia lini na ni shilingi ngapi. Mama lishe, dereva bodaboda, kinyozi, fundi cherehani na muuza matunda wanashika hela kila siku, na kuna siku wanashika nyingi kuliko mwalimu wa shule iliyo jirani. Lakini ukimuuliza mmoja wao mwezi uliopita alipata kiasi gani, atacheka kwanza kabla hajajibu.

Natunza daftari la kikoba mtaani kwetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa hiyo hela za watu naziona zikiingia na kutoka. Kipato kidogo ni tatizo, sikatai. Ila nawaona watu wawili wenye kipato kile kile, mmoja analala usingizi, mwenzake anahangaika hadi usiku wa manane. Yule anayelala anajua hela ya biashara inaishia wapi na ya nyumbani inaanzia wapi. Na ndiye huyo huyo anayeweza kusema leo imetosha, nafunga.

Mwongozo huu ni wa kukufikisha hapo. Bei nilizoweka ni za mfano, kwa shilingi ya Tanzania. Weka za kwenu.

Hatua ya 1: Andika wiki nzima bila kujirekebisha

Nunua daftari dogo la kuingia mfukoni na kalamu uifunge kwa uzi, maana kalamu ya kibandani haikai. Kwa siku saba andika kila kinachoingia na kila kinachotoka. Usijaribu kubana matumizi wiki hiyo. Ukibana utapata picha ya mtu mwingine, siyo yako.

Tuchukue mama lishe mwenye sahani 40 kwa siku: 20 za wali maharage kwa 2,000 na 20 za wali nyama kwa 3,000. Zikiuzwa zote ni 100,000. Matumizi yake yako hivi: mchele kilo 7 kwa 2,800 ni 19,600, maharage kilo 2 ni 6,000, nyama kilo 2 ni 24,000, mafuta, nyanya, vitunguu na mchicha 9,000, mkaa 4,000, maji 1,000, msaidizi 6,000. Jumla 69,600. Kwenye karatasi, faida ni 30,400.

Jioni akihesabu hela za kwenye mkoba wa kiunoni, hazifiki hapo. Anadhani ameibiwa, na wa kwanza kushukiwa ni msaidizi. Daftari ndilo linalomsafisha yule binti: sahani tatu za wali maharage walikula watoto wakitoka shule, na nyingine nne walichukua vijana wa gereji, "mama, tutakuona Jumamosi." Sahani saba kwa 2,000 ni 14,000. Faida iliyobaki mkononi ni 16,400, karibu nusu ya ile ya kwenye karatasi, na hakuna mwizi.

Sisemi watoto wasile. Wale, lakini waandikwe. Chakula cha watoto ni matumizi ya nyumbani yaliyofichwa ndani ya sufuria la biashara, na yasipoandikwa utaendelea kuamini kwamba biashara hailipi wakati inakulisha familia nzima. Vijana wa gereji nao wawe na ukurasa wao. Mpe kila mmoja ukomo, tuseme sahani mbili kwa wiki. Asipolipa Jumamosi, Jumatatu anakula kwa pesa taslimu. Mteja wa mkopo akikasirika mara nyingi anahamia kwa mwenzako, na mzigo wake anauhamishia huko.

Kwa bodaboda, kuna mambo mawili ambayo watu husahau kuyaandika: oili na matairi. Mafuta unayaona kila siku kituoni, lakini tairi linaisha kimya kimya. Kama uko kwenye mkataba wa kumlipa tajiri, yaani mwenye pikipiki, 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mwaka ni 3,120,000. Ipige hesabu hiyo kabla ya kusaini, uilinganishe na bei ya pikipiki mpya dukani. Isome pia sehemu inayosema nani anagharamia matengenezo, na itakuwaje ukiumwa wiki mbili. Mikataba mingi haisemi chochote kuhusu kuumwa. Iandikwe, tena mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Hatua ya 2: Jipangie posho na uiheshimu

Baada ya wiki moja una wastani wa faida halisi. Mama lishe wetu ana 16,400. Ajilipe 10,000 kwa siku ya kazi. Hiyo ndiyo hela ya nyumbani: mboga, sabuni, umeme, nauli, vocha. Zile 6,400 haziendi nyumbani hata siku moja, zinabaki kwenye biashara kwa ajili ya sahani zinazovunjika, siku za mvua na hisa za kikoba. Mtaji wa kesho, zile 69,600, unatengwa kwanza kabla ya posho. Ukianza na posho utakula mtaji, na mtaji ukishaliwa unarudi kwa mkopo.

Kiwango cha posho kiwe kile ambacho biashara inaweza kukulipa hata katika wiki mbaya. Wengi hukosea hapa: siku nzuri wanachukua 25,000, siku mbaya wanachukua 3,000, na familia inazoea ile 25,000. Posho ikiwa ni ile ile kila siku, nyumbani wanajipanga, na wewe unaacha kuulizwa "leo vipi?" kila ukivua viatu mlangoni.

Namna rahisi ya kutenganisha ni laini mbili za simu. Moja iwe ya biashara, yenye lipa namba ya wateja. Nyingine yako ya kila siku. Posho ihame mara moja kwa wiki, kwa mkupuo. Ukihamisha kila siku, makato yatakula hela ya mboga, na ukitoa kwa wakala vijisehemu vidogo vidogo ndiyo kabisa. Asiye na simu ya pili atumie mikebe miwili. Inafanya kazi vilevile mradi mmoja ukae nyumbani na mwingine kibandani.

Kama una mwenzi, mwambie kiwango. Najua wapo wanaoficha, na wengine wana sababu zao za msingi. Lakini posho isiyojulikana haiwezi kupangiwa bajeti, na mume anayedhani kibanda kinaingiza laki kwa siku ataacha kutoa hela ya matumizi. Mwoneshe daftari. Wali wa watoto umo, mkaa umo.

Hatua ya 3: Ukate mwaka vipande vya wiki

Matatizo mengi tunayoyaita ya ghafla yana tarehe. Kodi ya nyumba ina tarehe. Shule zinafunguliwa Januari kila mwaka. Elimu ya msingi na sekondari katika shule za serikali siku hizi haina ada, lakini sare, viatu, madaftari na michango vipo pale pale. Idi na Krismasi tunazijua.

Chukua karatasi moja, uyaorodheshe yote ya mwaka. Chumba cha 60,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo: 360,000. Miezi sita ina wiki 26, kwa hiyo ni kama 14,000 kwa wiki. Watoto wawili, sare na vifaa tuseme 150,000: kwa wiki 52 ni kama 3,000. Ongeza sikukuu, ongeza nauli ya kwenda kumwona bibi. Ukijumlisha unaweza kukuta unatakiwa kutenga 20,000 au zaidi kila wiki, na posho ni 60,000. Inauma, lakini bora iume Machi kwenye karatasi kuliko Januari ukiwa umesimama mbele ya mwenye nyumba.

Ikiwa hesabu haitoshi kabisa, basi kuna vitu viwili tu vya kugusa: kipato au chumba. Zungumza na mwenye nyumba ulipe miezi mitatu mitatu. Wengi wanakubali kwa mpangaji asiyesumbua. Au ongeza kitu kimoja kwenye biashara ambacho hakihitaji mtaji mkubwa, kama chai na chapati za asubuhi kwa moto ule ule uliokwisha kuuwasha. Kuongeza masaa bila kuongeza kitu cha kuuza ni kuchoka tu.

Hatua ya 4: Mkopo, kabla ya kusaini na baada ya kunasa

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na sijaona aliyewakanusha. Siku hizi mtaani tunayo mikopo ya kausha damu, ya marejesho ya kila siku, na jina hilo lilitungwa na wakopaji wenyewe.

Hesabu yake huwa namna hii. Unapewa 100,000. Inakatwa ya fomu, tuseme 5,000, unaondoka na 95,000. Unatakiwa kurejesha 4,500 kila siku kwa siku 30, jumla 135,000. Afisa mikopo atakwambia riba ni asilimia 35. Angalia vizuri. Ile laki hukukaa nayo mwezi mzima: kufikia siku ya 15 umeshamrudishia 67,500. Umelipia riba ya mwezi kwa hela ambayo kufikia nusu ya mwezi zaidi ya nusu yake haikuwa tena mikononi mwako. Rudi sasa kwa mama lishe wetu mwenye 6,400 za kubaki kwenye biashara. Marejesho ya 4,500 yanamwachia 1,900. Siku moja ya mvua, na marejesho yanatoka kwenye mtaji wa mchele.

Linganisha na hili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma hizi katika madaraja manne. Wakopeshaji wasiopokea amana, yaani wasioweka akiba za watu, wako daraja la pili na wanapewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania, ambayo imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja ni 3,500, si 35,000. Kwa hiyo kabla ya kusaini omba kuona leseni, omba mkataba kwa Kiswahili, na omba nakala uondoke nayo. Anayekukatalia nakala ameshakujibu. Uliza pia jumla utakayorejesha kwa shilingi, maana asilimia zinachezewa.

Kama mko kikundi, fikeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Foleni ipo, makaratasi ni mengi, na utaambiwa "njoo kesho" zaidi ya mara moja. Nendeni wawili wawili ili msikate tamaa.

Na aliyekwisha kunasa? Aandike madeni yote kwenye ukurasa mmoja: nani, kiasi kilichobaki, marejesho ya siku, dhamana ni nini. Yale ya kwenye simu nayo yaingie, maana ndiyo yanayosahaulika na ndiyo yanayojikata yenyewe hela ikiingia. Asichukue mkopo wa kulipia mkopo. Auze kitu mwenyewe kabla hakijachukuliwa: friji ukiiuza wewe unaiuza kwa bei ya friji, ikibebwa na wadai inakwenda kwa bei ya chuma chakavu. Kisha aende ofisini kabla ya siku ya kushindwa, siyo baada, aombe marejesho madogo kwa muda mrefu zaidi, na makubaliano yaandikwe. Wakija kubeba vitu bila utaratibu, mwite mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa hapo hapo, wakiwa bado mlangoni.

Hatua ya 5: Chagua kikoba kama unavyochagua mtu wa kumwachia nyumba

Kikoba kizuri kina dalili zinazoonekana. Kasha lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ambao si ndugu. Hela zinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, na kila mwanachama anakumbuka salio la wiki iliyopita kichwani. Hisa zina bei inayojulikana na mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, uko mbali na mfuko wa mikopo. Kimesajiliwa, vikundi hivi ni daraja la nne kwenye sheria ile ile niliyoitaja, na usajili unafanyika kupitia halmashauri. Wanachama wanazidi thelathini? Hapo hesabu huanza kupotea, gaweni kikundi.

Mikutano yetu ni Jumapili baada ya watu kutoka ibadani. Wa kwanza kutoa ni wale wenye hisa chache, kwa utaratibu wetu, ili asiyejaliwa asione haya kutoa elfu mbili baada ya mwenzake kutoa elfu ishirini. Ni jambo dogo na halimo kwenye katiba, ila kikundi kinachojali hivyo huwa kinadumu.

Kuna kitu kingine kinavaa nguo za kikoba. Unaambiwa weka hela, leta watu wawili, utavuna mara mbili. Mwaka 2009 serikali iliuzuia upatu wa DECI, ambamo kuweka hela kuliitwa "kupanda mbegu", na waliopanda mwishoni hawakuvuna. Leo majina ni mengine na yanakuja kwa WhatsApp na Telegram, mengine na picha za watu wenye magari. Swali ni moja tu: faida inatoka kwenye biashara gani? Kwenye kikoba jibu ni rahisi, inatoka kwenye riba tunayolipana wenyewe kwa wenyewe, na daftari liko mezani. Pakikosekana jibu, shika nauli yako urudi nyumbani.

Kwa akiba ya muda mrefu, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inawapokea waliojiajiri kama wachangiaji wa hiari, na mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS inakuwezesha kununua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko, kidogo kidogo kwa simu. Hizo ni za hela usiyoihitaji mwaka huu. Kwanza kodi ya nyumba.

Hatua ya 6: Weka fungu la michango, na jibu la kutoa

Nimewaona wanaotunza mtaji vizuri mwaka mzima halafu wakamalizwa na kadi za harusi. Kadi ya mtu mmoja 50,000, ya wawili 100,000, na kuna kitchen party kabla, na send-off. Msiba hauna kadi, msiba unakwenda. Nauweka mbali kabisa na sherehe: fungu la misiba lisitolewe kwa ajili ya sherehe yoyote.

Amua kiasi cha sherehe kwa mwaka mzima, tuseme 120,000, uandike ndani ya jalada la daftari. Kila ukichanga unapunguza. Fungu likiisha Septemba, limeisha. Kisha uwe na jibu tayari, kwa sababu ukikaa kimya kwenye kundi la kamati jina lako litabandikwa kila asubuhi kwenye orodha ya "ambao bado". Jibu liwe la mapema na liwe na kitu ndani yake:

"Shikamoo mama mdogo. Kadi ya dada nimeiona, hongereni sana. Niandikieni elfu ishirini, nitaituma tarehe 15. Siku yenyewe nitafika alfajiri nishike jiko la pilau, msikodi mtu."

Hajasema hana. Hajajieleza. Ametaja kiasi, tarehe na mikono yake, na mama mdogo ana neno la kupeleka kwenye kamati. Mpishi wa kukodi ana bei, na kamati inaijua.

Hatua ya 7: Taja kiwango chako cha kutosha

Hii watu huiruka kwa kudhani kuridhika ni tabia ya kuzaliwa nayo, au ni maneno ya kuwatuliza wasio nacho. Mimi naiona kama hesabu. Jumlisha posho ya mwezi, vipande vya mwaka kwa mwezi, hisa za kikoba, na kitu kidogo cha furaha: soda na watoto Jumapili, mpira kibanda umiza, kitenge kipya cha Idi. Jumla hiyo ndiyo kiwango chako. Kiandike.

Kikishaandikwa kinakupa ruhusa mbili. Ya kwanza ni kufunga. Mama lishe aliyekwisha kufikisha kiwango cha wiki Ijumaa jioni anaweza kupumzika Jumapili bila kujiona mvivu, na dereva hana haja ya kukimbilia abiria wa saa saba usiku asiyemfahamu. Ya pili ni kutojilinganisha. Jirani akiweka tailizi, unafungua daftari unaona kama tailizi zimo kwenye orodha yako au hazimo. Ukizitaka kweli, ziweke, uzikate vipande vya wiki kama kodi.

Kiwango kinaweza kupanda, ila mara moja kwa mwaka, na kwa kukaa chini. Kisipande kwa sababu ya wiki moja nzuri ya mwisho wa mwezi.

Mwezi wa kukaa chini kwetu ni Desemba, kikoba kinapovunjwa na watu kugawana. Usisubiri hela ishikwe ndipo upange. Wiki mbili kabla, chukua daftari la hisa, kadiria utakachopata, ukigawe kwa kalamu: kwanza kilichobaki cha kodi na shule, pili deni lenye riba kubwa kuliko yote, tatu mtaji, mwisho sikukuu. Siku ya mgao nenda na mtu wa nyumbani ambaye ameiona karatasi hiyo, na hela ya shule muinunulie sare njiani mkirudi.